Nuru ya Kuazima

Saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya Forodhani, Fundi alikuwa akitembea peku kwenye ngazi za mawe ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja. Kamera zake mbili zilikuwa mkobani, hajazitoa. Alipanda, akashuka, akapanda tena. Nilidhani kaangusha pete. Nilipomwuliza anatafuta nini, akanijibu kwamba hatafuti kitu, anahesabu. Ngazi ya tano kutoka chini imemeguka upande wa kulia. Ya tisa ni fupi kuliko wenzake. Pale pembeni umepita waya wa spika ambao bado haujafunikwa.

"Saa mbili hapa patakuwa kiza, na mie nitakuwa natembea kinyumenyume," alisema. "Bora miguu iyajue mambo hayo mapema, usije ukayajua mgongo."

Namwita Fundi kwa sababu ndivyo anavyoitwa na kila mtu pale, kuanzia mlinzi wa lango hadi mpiga besi. Jina lake halisi huliandika kwenye kona ya picha kwa herufi ndogo, na habari ya jina hilo nitaifikia. Ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Ng'ambo, na kazi hii ameifanya kwa miaka 19. Nilimwomba nimfuate usiku mmoja kwa kuwa niliwahi kuona picha zake za watu wanaotazama filamu, nikashindwa kuelewa zilipigwaje. Mimi nikipiga picha usiku napata moja kati ya mawili: kiza chenyewe, au nyuso zilizopauka kama zimemwagiwa unga. Harusi nzima ya binamu yangu niliiharibu kwa namna hiyo, na mpaka leo shangazi hunikumbusha.

Ratiba ya usiku ule haikuwa ya ajabu kwa mahali pale: filamu fupi tano, mapumziko, kisha bendi tatu. Wote, wa filamu na wa muziki, walikuwa wasanii wa kujitegemea. Azimio la Arusha lilipolisambaza neno hilo mwaka 1967 halikumfikiria kijana anayejirekodi chumbani kwa mama yake, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia honi za bodaboda, lakini sijui kama kuna aliyelivaa neno likamkaa vizuri kuliko yeye. Kwa msanii, kujitegemea maana yake hakuna kampuni ya kulipia mabango, wala taa za ziada, wala mpiga picha. Usiku ule palikuwa na taa nane za LED, projekta moja ya kukodi, na Fundi aliyekubali nusu ya malipo yake ya kawaida.

Ngome yenyewe ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, Wareno walipokwisha kuondolewa, na ndani ya kuta zake yamo masalia ya kanisa la hao Wareno. Watalii huelezwa hayo langoni. Mpiga picha anachotaka kujua kuhusu ukuta ni rangi yake tu. Ukuta uliopakwa chokaa hukurudishia mwanga. Mawe haya ya matumbawe, meusi kwa kuvu na mvua za miaka, huunywa wote. Ukielekeza flashi juu, dari hakuna, mwanga unakwenda kwa nyota. Ukiielekeza pembeni, haurudi. ZIFF, tamasha la filamu la nchi za jahazi, lilianza mwaka 1998, na Sauti za Busara likafuata 2004 na muziki wake, na katika matamasha hayo mawili wapiga picha wengi wa Unguja wamesomea humu ndani bila kulipa ada. Somo la kwanza wanalojifunza ni kwamba mwanga wako mwenyewe hapa haufai kitu. Unaazima.

Na mkopo wenyewe ni mdogo, mdogo kuliko macho yanavyokiri. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni ya jua: mchana wa jua kali, weka tundu la lenzi kwenye 16, na ukiwa na filamu ya ISO 100, shata ifunguke kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Hiyo ndiyo picha ya saa saba mchana pale Forodhani. Sasa chukua namba za Fundi alipokuwa akiipiga bendi: tundu kwenye 2 (namba ikipungua, tundu linapanuka, usiniulize nani aliamua hivyo), ISO 3200, shata sehemu moja ya mia mbili. Ukikokotoa utaona jukwaa lile, lililoonekana linawaka, lilikuwa na takriban sehemu moja ya elfu ya mwanga wa mchana. Na nyuso za watazamaji wakati wa filamu? Tundu 1.8, ISO 6400, shata sehemu moja ya thelathini. Hapo unazungumzia chini ya sehemu moja ya elfu kumi na sita. Mtu aliyekaa pale anaona vizuri tu, kwa sababu mboni zimepanuka na ubongo unajazia palipopungua. Kamera haina ubongo wa kujazia.

Kila mlango wa kuingizia mwanga una kodi yake. Ukipanua tundu, kina cha picha kinakwisha: jicho la mwimbaji liko wazi, sikio lake tayari ni ukungu. Ukipandisha ISO, zinaingia chembechembe kama mchanga kwenye wali. Ukiichelewesha shata, mkono unatikisika, au mtu anageuza shingo, na picha inakwenda na maji. Nilichokiona kwa Fundi ni kwamba hana mpangilio mmoja anaoupenda. Ana mpangilio wa kila dakika. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kinazungusha gurudumu la kamera muda wote, hata alipokuwa akiongea nami, kama mtu anayevuta tasbihi.

Kabla ya kwenda mbali, alinionyesha vitu vitatu alivyovifanya alipokwisha kuhesabu ngazi. Alizima kile kitaa kidogo ambacho kamera hukiwasha kuisaidia fokasi. Alipunguza mwanga wa kiwambo cha nyuma hadi mwisho, kisha akakifunika kwa kitambaa cheusi. Na ile taa nyekundu ya pembeni, inayowaka kila kadi inapopokea picha, aliibandika kipande cha utepe mweusi. Mtu aliyelipa kuja kutazama filamu ana haki ya kiza chake, alisema. Niliwaza habari ya watu wanaoinua simu katikati ya sinema, mwanga wa kutosha kusomea gazeti, nikanyamaza. Yangu ilikuwa mfukoni inawaka.

Jua lilizama. Huku kwetu karibu na ikweta kiza hakibishi hodi. Baina ya Magharibi na usiku kamili pana muda mfupi sana. Mnamo saa kumi na mbili na nusu fundi wa projekta alikuwa anajaribu picha kwenye skrini, na Fundi wangu, ambaye nilimwacha akizungumza na muuza maji, nikamwona yuko juu kabisa ya ngazi, amepiga magoti. Kwa kadiri ya dakika kumi na tano mwanga wa skrini na mwanga wa mbingu hulingana. Kabla ya hapo skrini ni shuka jeupe lisilo na kitu. Baada ya hapo mbingu ni shimo. Lakini katikati ya hapo mbingu ni ya samawati nzito, kuta za ngome bado zina umbo, skrini ina picha, na waliowahi kufika wanaonekana wamekaa wawiliwawili na mifuko ya karanga. Alipiga picha sita. Kisha akaifunga lenzi kifuniko, akashuka, akaniambia ile ya bango la mwakani tayari ameshaipata.

Sita. Mimi kwa simu yangu nilipiga arobaini, na hazikunipa kitu.

Filamu zilipoanza ndipo nilipoielewa siri ya zile nyuso. Wiki nzima kabla, Fundi aliwaomba waandaaji wamtumie filamu zote tano. Alizitazama nyumbani, daftari mkononi, na hakuwa akifuatilia hadithi. Alikuwa anaandika dakika. Filamu ya kwanza, dakika ya nne: tanga jeupe linajaza skrini, sekunde nane. Ya tatu, dakika ya kumi na moja: mlango unafunguliwa, jua linaingia. Ya nne haina kitu, yote usiku, pumzika. Alikuwa ameelewa jambo ambalo mimi, pamoja na miaka yangu ya kuandika habari za sinema, sikuwahi kulifikiri: kwa mpiga picha wa hadhira, filamu ni taa. Mwongozaji ndiye anayeiwasha na kuizima, bila kujua kwamba huku chini pana mtu anaisubiri.

Basi dakika ya tatu ya filamu ya kwanza alikuwa ameshajipanga pembeni ya skrini, mgongo ukutani, amewaelekea watu. Alikuwa amemchagua mama mmoja mwenye mtoto mapajani, safu ya tatu. Hakuinua kamera. Alisubiri mpaka wakamzoea, na kwa kweli walimsahau kabisa. Tanga likajaza skrini. Uwanja mzima ukang'aa kama mtu kafungua jokofu, na katika zile sekunde nane kamera yake, iliyozimwa sauti, ilipiga picha tatu. Ya pili ndiyo aliyokuja kuihifadhi: mtoto ameinua kidole kuonyesha tanga, mama hamtazami mtoto wala kidole, mdomo wake umeachia kidogo, na katika mboni zake, ukiikuza picha, limo tanga lenyewe, dogo kama punje ya mchele.

Watu huuliza kwa nini hapigi skrini yenyewe. Huipiga, mara chache, na ina hila zake. Projekta nyingi za bei ya kukodi hazitupi rangi zote kwa pamoja. Ndani yake limo gurudumu la vioo vya rangi linalozunguka kwa kasi, likitupa nyekundu, kisha kijani, kisha buluu, na jicho likaziunganisha. Ukipiga kwa shata ya haraka unaikamata rangi moja katikati ya mzunguko, na filamu ya mtu aliyeuza pikipiki kuitengeneza inatoka na michirizi ya upinde wa mvua. Dawa yake ni kuichelewesha shata, sehemu moja ya sitini au chini zaidi, na kutotikisika. Ndiyo maana nilimwona ameegemea ukuta, viwiko amevibana mbavuni, ametoa pumzi yote kabla ya kubonyeza. Wawindaji wa paa wa kule msitu wa Jozani wa zamani wangemwelewa.

Katikati ya filamu ya pili ikaadhiniwa Isha. Waandaaji waliisimamisha filamu, kama inavyotakiwa, na picha moja ikaganda kwenye skrini: ufuo, mchanga mweupe, mchana. Mwanga uliotulia, laini, juu ya nyuso mia kadhaa zilizonyamaza, na kwa dakika kadhaa haukucheza. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba mwanga mzuri kuliko wote wa usiku ule ulikuwa huo. Nikageuka kumtazama Fundi. Alikuwa ameiweka kamera mapajani, ushungi ameuvuta mbele, anaiitikia adhana kimya. Filamu ilipoendelea naye aliendelea. Sikumwuliza, na yeye hakulitaja.

Nadhani hayo ameyatoa harusini. Kwetu shughuli za wanawake hazikanyagi mwanamume, kwa hiyo anayepiga picha humo lazima awe mwanamke, na Fundi alianzia humo, akiwa na kamera ya kuazima na lenzi moja. Kumbi zenyewe zina taa za rangi zilizofungwa na fundi umeme wa mtaani, mapambo ya kumetameta yanayoidanganya fokasi, na wageni ambao wengi wao hawataki sura zao zitoke nje ya mlango ule. Mtu akivua buibui hapo ndani amekukabidhi amana. Alijifunza kupiga na kufuta. Alijifunza kuuliza kwa macho kabla ya kuinua lenzi, na kushusha lenzi akijibiwa kwa macho.

Humo pia ndimo alimojifunza muda. Taarabu ikinoga, mtu huinuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji, anakuja akicheza taratibu, mkono mmoja juu, na ile nukta ambayo noti inaachwa ni fupi kuliko kope. Anayesubiri aione ndipo abonyeze ameshachelewa. Fundi haangalii noti, anaangalia pochi. Pochi ikifunguka upande wa kushoto wa ukumbi, yeye ameshapiga magoti mbele ya mwimbaji. "Mtu haamui kutunza akiwa mbele," aliniambia. "Ameamua kwenye kiti, ubeti ulipomgusa. Nenda ukamtazame kitini." Nimesoma vitabu viwili vizito kuhusu upigaji picha na sikumbuki ushauri uliozidi huo.

Bendi ya kwanza ilipanda saa tatu: kanuni, gitaa la umeme, besi, ngoma, na msichana mwembamba aliyeshika maikrofoni kama anaomba radhi. Hapa kazi ikageuka kabisa. Wakati wa filamu taa ilikuwa moja na alijua itawaka lini. Sasa zilikuwa nane na hakuna aliyejua, pamoja na kijana aliyezishika, ambaye alikuwa amepata chombo kipya chenye vitufe vingi na furaha nyingi.

Adui mkubwa ni taa nyekundu. Hili naomba nilikalie kidogo, kwa sababu kila aliyewahi kupiga picha ya tamasha amelaumu kamera yake bure. Kiwambo cha ndani ya kamera, si kile cha nyuma, kimepangwa visanduku vidogo vya kupokea mwanga, na katika mpango unaotumika kwenye kamera nyingi, ule aliousanifu Bryce Bayer wa Kodak katika miaka ya 1970, nusu ya visanduku hupokea kijani, robo nyekundu, robo buluu. Jukwaa likiwa jekundu tupu, robo tatu ya kamera yako imelala. Robo iliyobaki inapokea hadi inafurika, na kipimo cha mwanga kikiona sehemu kubwa ni kiza kinakushauri uongeze. Ukikitii, uso unageuka doa la nyanya, bila pua wala shavu. Fundi hakitii. Wakati wote wa muziki kipimo chake kilikuwa kinalalamika na yeye anapiga chini ya kinachotakiwa, akiulinda uso, akiacha vingine vizame.

Tena nuru hizi za LED zinapepesa. Jicho halioni, lakini umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu hufifia na kurudi mara 100 katika sekunde hiyo, nyingine zina mdundo wao wenyewe wa kasi zaidi. Ile shata ya kimya aliyoitumia kwenye filamu huisoma picha mstari kwa mstari, na mbele ya taa kama hizo inatoa milia ya giza kama ya punda. Kwa hiyo alibadilisha, akarudi kwenye shata ya chuma yenye mlio. Kwenye muziki mlio haudhuru. Alipiga picha moja, akaikagua chini ya kitambaa, akashusha shata kidogo, akapiga nyingine, akatikisa kichwa kuridhika, na hakukigusa tena kile kiwambo cha nyuma mpaka wimbo ulipokwisha.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Akasubiri nyimbo mbili nzima bila kupiga zaidi ya picha nne au tano. Alikuwa anawasikiliza. Kijana wa taa, Fundi alikuja kunieleza, hajui muziki lakini hufuata ngoma. Kila ubeti ukikaribia kwisha, ngoma ikizunguka, huwasha zile mbili nyeupe za nyuma. Hakupanga, ni tabia. Mpiga kanuni akikaribia kipande chake huinamisha kichwa kidogo upande wa kulia. Na msichana wa maikrofoni, ambaye akiimba hujificha nyuma ya kifaa hicho hadi nusu ya uso haipo, hukiteremsha mara tu anapomaliza mstari, akavuta pumzi, mdomo ukiwa umefungwa.

Wimbo wa tatu akaenda kupiga pumzi hiyo. Watu wengi hupiga mwimbaji mdomo wazi, meno nje, maikrofoni imemziba kidevu, na wanadhani wamepiga sauti. Picha ya Fundi ni ya baada ya sauti. Taa mbili nyeupe zimewaka nyuma ya bega, zimechora ukingo wa shavu na ushungi, jasho la juu ya mdomo linameta, macho yamefumba, na mkono wenye maikrofoni umeshuka hadi kifuani. Huuoni wimbo pale. Lakini unajua kabisa kwamba ndiyo kwanza umetoka.

Ngozi nyeusi ina haki ya kusemwa hapa. Kwa miongo kadhaa filamu za rangi zilisawazishwa maabara kwa kadi za kupimia zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na nyuso kama zetu zikatoka kama kisima chenye meno. Kamera za leo ni bora, ila aliyezoea kuuogopa weusi bado huongeza mwanga mpaka ngozi inakuwa kijivu. Fundi haongezi. Anatafuta mahali mwanga unapoteleza, kwenye mfupa wa shavu, ukingo wa pua, bega, na ngozi nyeusi yenye jasho huupokea mwanga huo kama mpingo uliosuguliwa. Programu za kisasa za kufuta chembechembe hazipendi. Anasema zinawafanya watu waonekane wa plastiki. Nakubaliana naye. Picha ya usiku isiyo na chembe hata moja huwa naitilia shaka.

Hapana la kusema sana kuhusu bendi ya pili, nayo haikumpa mengi: vijana watatu waliosimama mbali mbali, wakitazama viatu vyao. Alipiga viatu.

Wakati tunasubiri ya tatu nilimwonyesha kwenye simu picha iliyopigwa na Malick Sidibé wa Bamako, ile ya mkesha wa Krismasi 1963, kaka na dada wanacheza, vichwa vyao karibu vigusane, binti akiwa peku. Miaka ile Sidibé alizunguka kwa baiskeli kwenye dansa za vijana, kadhaa kwa usiku mmoja, kisha akarudi studio kuzisafisha, na picha ndogondogo akazibandika nje ili waliocheza waje kujitafuta. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimtunuku Simba wa Dhahabu wa kazi ya maisha, mpiga picha wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Nilitaka kumchokoza Fundi, kwa sababu Sidibé alitumia flashi bila aibu. Aliitazama muda mrefu. "Wale walitaka waonekane," akasema hatimaye. "Yeye alikuwa katika sherehe yao. Anayetazama sinema hataki kuonekana. Kwenye dansa hata mie flashi naitoa." Akairudia ile picha, akaikuza kwenye mguu wa binti. "Lakini huyu kasubiri. Tazama kisigino."

Bendi ya tatu ilimaliza karibu saa sita. Wauza pweza wa Forodhani walikuwa wanazima karabai zao. Fundi alirudi nyumbani na picha 870, na kwa mwendo wa kazi za siku hizi hizo ni chache. Nilikaa naye barazani, laptopu juu ya meza ya kukatia mboga, tukinywa kahawa, naye akifuta. Anafuta haraka kuliko anavyopiga. Alifuta nzuri nyingi, mpaka nikawa naguna. Mzee mmoja aliyesinzia wakati wa filamu, picha safi kabisa, aliifuta kwa kuwa mzee mwenyewe angeonwa na wajukuu. Msichana na mvulana wa safu ya mwisho, mwanga wa tanga umewakuta mikono imeshikana, hiyo hakuitazama mara mbili. "Hawa wana wazee wao," akasema, ikatoweka.

Zilibaki 42. Saa kumi na robo, kabla ya Alfajiri, alizituma kwa waandaaji na kwa bendi zote tatu, kila bendi fungu lake. Sidibé alibandika ukutani. Hawa wanapokea kwenye simu, na hamu ni ileile. Kulipopambazuka yule msichana wa maikrofoni alikuwa ameshaiweka ile ya pumzi kwenye akaunti yake. Saa nne asubuhi niliiona kwa mtu mwingine, saa sita kwenye tangazo la shughuli nyingine kabisa. Mjini hapa ipo studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, na picha zilizotoka humo bado zinajulikana kwa jina lao. Lakini katika tangazo lile picha ya Fundi ilikuwa imekatwa upande wa chini, kiasi cha upana wa kidole, pale pale kwenye herufi ndogo za jina lake. Nilimpigia Fundi kumwambia. Alikuwa amelala, binti yake ndiye aliyepokea.

Basi wewe unayesoma, ukikutana na picha hiyo, msichana kafumba macho, maikrofoni iko kifuani, taa mbili nyeupe nyuma ya bega, ichukue ukiipenda, itume kwa unayemtaka. Kona ya chini kulia lipo jina. Usilikate.